Pakine Thelathini na Mmoja

Historia ikiandikwa kwa haki itasema kwamba Kauthar alikuwa na dakika kumi nzima za kuirekebisha ile fomu, na kwamba dakika zote kumi alizitumia kucheka.

Ilikuwa Januari. Alikuwa amemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana huko Arusha, akarudi Karatu kwa bibi yake kusubiri matokeo, kazi isiyo na mshahara wala likizo. Shuleni aliacha jina. Ni yeye aliyebandika kwenye ubao wa matangazo karatasi iliyochapwa vizuri, yenye neno "Uongozi" chini yake, ikiwaarifu wanafunzi kwamba Jumamosi maharage yatapumzishwa na patakuwa na pilau. Wasichana mia nne walipanga foleni na sahani zilizooshwa mara mbili. Matroni alimwita ofisini akamuuliza, kwa uchungu wa dhati, tabia ile ameirithi kwa nani. Kauthar alijibu kwamba swali hilo hata yeye angependa kujua jibu lake.

Hapo hakuwa anatania. Mama yake, Radhia, alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, na hakubaki na kumbukumbu yake hata moja. Alichokuwa nacho ni maelezo ya Bibi Mwanamisi. Siku Kauthar alipotimiza miaka kumi na tatu, Bibi alifunga mlango wa duka mchana kweupe, akamkalisha juu ya robota la vitenge, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake alikuwa na virusi vya Ukimwi, kwamba alimeza dawa zake bila kukosa mpaka Kauthar akazaliwa salama, na kwamba mwishowe homa ya mapafu ilimshinda. "Mjini tulisema homa ya mapafu, na wewe sema homa ya mapafu," Bibi alimaliza, akafungua mlango.

Zaidi ya hapo kulikuwa na sifa tu. Radhia alikuwa mpole. Radhia hakuinua sauti. Radhia akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa mtandio. Kila Kauthar alipokosea, Radhia huyu alitolewa kabatini kama vyombo vya wageni, akaoneshwa, akarudishwa. Binti alimpenda mama yake jinsi mtu anavyoipenda picha ya ukutani: kwa heshima, kwa mbali, na kwa kuchoka kidogo.

Aliyemlea hasa ni Bibi, pamoja na ua wa nyuma ya duka. Kila Alhamisi, tangu Kauthar hajui kusoma, ua ule ulijaa watu wa kikundi. Walikuja kutoka Ganako na Qurus na vumbi jekundu hadi magotini, kutoka Mang'ola juu ya malori ya vitunguu, wakinuka vitunguu mpaka kesho yake, na kutoka juu Ngorongoro wakiwa wamejitanda shuka mbili mbili kwa baridi waliyoiacha huko. Wote walikuwa wakiishi na virusi, au walikuwa wakimuuguza anayeishi navyo. Kauthar alikuwa akijilaza kwenye mkeka katikati ya miguu yao, sufuria kubwa ya maziwa ikichemka kwenye mafiga, mbuzi wakitafuna pindo la kanga ya mtu, na maneno yakipita juu yake kwa Kiswahili, Kiiraqw na Kimaa kama mvua inayopita juu ya bati. Miaka minne ya bweni, kila alipozimiwa taa, ni sauti ile aliyokuwa akijisimulia ili alale.

Kikundi kilianza kwa ruzuku ndogo, kabla Kauthar hajazaliwa: mbuzi wa maziwa watatu, weupe, wasio na pembe, ambao Nalangu wa Endulen alipowaona mara ya kwanza aliuliza kama ni wagonjwa. Sharti lilikuwa moja. Mbuzi akizaa jike, jike huyo anapewa mwanachama mwingine, na wa huyo anapewa mwingine tena. Sasa, kwa Wamasai, mtu akikupa mbuzi hamwitani tena kwa majina. Yeye atakuita Pakine na wewe utamwita Pakine, yaani mtu wangu wa mbuzi, mpaka mmoja wenu aondoke duniani. Nalangu alipopewa mbuzi wake alimwita Pakine yule aliyempa. Naye alipompa jike Bernadina, Mwiraqw wa Qurus, ikawa hivyo hivyo. Kwa Wamasai jambo hilo ni la watu wawili. Kikundi kililionja, kikaliona tamu, kikalizidisha. Ndani ya miaka michache kila mtu pale uani alikuwa Pakine wa kila mtu, isipokuwa Bibi Mwanamisi, aliyebaki Bibi kwa kuwa ua ulikuwa wake.

Na jina hilo lilikuwa na kazi yake. Siku zile kumwita mtu kwa jina mbele ya mlango wa kliniki kulitosha kumvunjia ndoa. Lakini ukipaza sauti "Pakine" katikati ya soko la Karatu, watu waliona ni Wamasai na mambo yao ya mifugo, wakaendelea kuchagua nyanya.

Kwa hiyo hadithi zote alizokulia Kauthar zilikuwa na shujaa wa jina moja. Kulikuwa na Pakine wa benchi. Hospitalini palikuwa na benchi la watu wa dawa, na aliyelikalia alijulikana mji mzima kabla ya adhuhuri. Pakine huyu aliwahi asubuhi, akawanong'oneza wajawazito, wenye meno mabovu na polisi mmoja aliyekuja kufungwa kidonda kwamba benchi lile ndilo linalohudumiwa haraka. Kufika saa tatu benchi lilikuwa limebeba nusu ya Karatu, wakisukumana kwa makalio, na hakuna aliyeweza kusema nani ni nani.

Kulikuwa na Pakine wa chai. Wanaume wa mgahawa wa stendi walikuwa wameapa kwamba maziwa ya mbuzi wa kikundi hayatagusa midomo yao. Pakine akapatana na mwenye mgahawa. Wiki nzima walikunywa, wakasifia, wakaongeza vikombe. Ijumaa Pakine akasimama mlangoni, akawashukuru waheshimiwa wateja kwa kuwaunga mkono wagonjwa.

Na kulikuwa na Pakine wa mbuzi ishirini na wawili. Mgeni wa wafadhili wa wakati ule alikuja kuhesabu mbuzi. Nusu walikuwa Qurus, barabara ilikuwa tope, na mgeni alikuwa na viatu vyeupe. Basi Pakine aliwapitisha mbuzi kumi na mmoja mbele yake, wakatokea getini, wakazunguka duka, wakaingia kwa mlango wa jikoni, wakapita tena mbele yake wakiwa na nyuso mpya. Mgeni akaandika ishirini na wawili. Na kweli walikuwa ishirini na wawili, ila si hapo.

Kauthar alizipenda hadithi hizi kuliko wali. Alipouliza ni Pakine yupi huyo, watu wazima walitazamana, na Bernadina akasema, "Pakine tu, mwanangu. Kunywa maziwa."

Sasa tuje kwenye fomu.

Gari lililokuwa likipandisha dawa huko juu Ngorongoro lilikuwa limeacha kwenda, kwa kuwa fedha za wakubwa zilikuwa zimekatika. Watu wa upande wa Endulen walianza kupokezana: wiki hii anateremka mmoja, anachukua dawa za majirani sita, wiki nyingine anateremka mwingine. Wakifika Karatu hawakuwa na pa kulala. Kikundi kikaomba ruzuku ndogo kwa mfuko mmoja wa Arusha, ya kujenga chumba cha vitanda vinne pale uani. Bibi aliweka wazi msimamo wake. "Ikipatikana, tuendelee. Ikikosekana, naufunga ua. Nina miaka sabini na nne, na mwenye duka la mabati anautaka. Mbuzi mtagawana."

Katibu wa kikundi alikuwa Mzee Lembris, mlinzi mstaafu wa loji, mwenye mwandiko mzito kama ukwato wa punda. Fomu ilitaka majina ya wanufaika wote tangu mwanzo. Lembris, mtu mkweli, aliandika wanavyoitwa. Mstari wa kwanza: Pakine, Endulen. Wa pili: Pakine, Qurus. Wa tatu: Pakine, Mang'ola. Mpaka thelathini na mmoja. Kisha akamkabidhi Kauthar, msomi wa ukoo, akaichape steshenari.

Kauthar aliiona. Aliiona vizuri sana. Alikuwa na uwezo wa kurudi nyumbani kuuliza majina. Badala yake alicheka hadi mwenye steshenari akamletea maji, kisha, kwa moyo wa kuboresha kazi ya mzee, akawapanga wanufaika wote thelathini na mmoja kwa mpangilio wa alfabeti, akaituma.

Simu ilikuja baada ya siku tisa. Lembris aliipokea akiwa amesimama wima, na alipokata alikuwa amekaa. Arusha walikuwa wanasema wanachama ni hewa. Afisa angekuja Alhamisi. Alitaka majina kamili ya watu wote thelathini na mmoja, walio hai na waliokufa, na jambo moja ambalo kila mmoja alilifanyia kikundi. Akipungua mmoja, maombi yanafutwa.

Bibi alisikia, akaendelea kukunja vitenge. Kauthar aliona mwenye duka la mabati akipita nje na kamba ya kupimia, ingawa huenda ilikuwa kamba tu. Usiku ule hakujisimulia sauti za ua ili alale, kwa sababu zilikuwa zinamsuta. Asubuhi alijitolea kuwa mchapaji wa kikao, kwa unyenyekevu ulioitia nyumba nzima wasiwasi.

Alhamisi afisa alifika saa tatu. Aliitwa Felista, alikuwa na buti za kazi, kishikwambi kwapani, na umri mdogo kuliko sauti aliyotumia kwenye simu.

"Shikamooni," alisema. "Nani kati yenu ni Pakine?"

"Mimi," walijibu watu kumi na tisa.

Felista aliketi polepole. "Mzee Lembris, wewe ndiye uliyejaza?"

"Ndiyo, mama."

"Watu thelathini na mmoja, jina moja. Hukuona tatizo?"

"Niliona mistari ya fomu ni mifupi," alisema Lembris. "Jina fupi likanifaa."

Nalangu alimweleza desturi ile toka mwanzo, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mbuzi aliyekuja kusikiliza. Felista aliandika, akafuta, akaandika tena. "Sawa. Nimeelewa, na ni nzuri. Lakini mezani kwetu siwezi kupeleka mbuzi. Nahitaji majina."

Hapo ndipo ilipogundulika kwamba hawakuwa nayo. Walijuana magonjwa, walijuana madeni ya moyo, walijuana nani anakoroma. Majina yalikuwa yamesahaulika. Bernadina aligeuka kumtazama mwanamke wa Mang'ola aliyekaa naye benchi moja miaka kumi na mitano.

"Wewe unaitwa nani, Pakine?"

"Sifa."

"Sifa? Wewe?"

"Una neno?"

"Sina. Nilikuweka kwenye sala zangu kama Yustina."

"Kumbe ndiyo maana goti haliponi."

Kauthar alichapa kwenye kompyuta ndogo ya kuazima. Sifa, Mang'ola, alikuwa akiwapandisha wenzake kwenye malori ya vitunguu bila nauli. Sairowua, Endulen, alitembea siku mbili kumfuata mwenzake aliyeacha dawa. Mambo aliyoyasikia utotoni yakielea uani bila mwenyewe, sasa yalianza kukaa juu ya watu, moja moja. Alitazama nyuso alizozijua maisha yake yote kana kwamba zimewashwa taa kwa ndani. Watu waliendelea kubishana, wakasahihishana, wakacheka, na kwa saa moja ua ulikuwa kama zamani, ulipokuwa haujaanza kupunguza mikeka.

Kisha wakaja kwa marehemu, kumi na wawili. Wa kwanza alipotajwa, Nalangu aligeukia ukuta. "Kwetu aliyekwenda hatajwi," alisema. "Andikeni ninyi. Mimi niko, lakini sisikii." Lembris, naye Mmasai lakini mwenye wadhifa, alitaja huku amefumba macho, jambo aliloona kuwa ni suluhu ya haki kwa pande zote.

Kufika saa saba walikuwa thelathini.

"Amebaki mmoja," alisema Felista. "Wa kwanza kabisa. Mama Nalangu, aliyekupa wewe mbuzi ni nani?"

Nalangu hakugeuka kutoka ukutani. Bernadina alianza kufuta benchi lisilo na uchafu. Lembris alifumbua macho, akayafumba.

"Andika hajulikani," alisema Bibi Mwanamisi.

Kauthar aliinua vidole kutoka kwenye vibonyezo. Alikuwa na uzoefu wa miaka minne wa mabweni yanayoficha mambo, na huu ulikuwa ua mzima unaoficha jambo.

"Bibi," alisema Felista kwa upole, "mbuzi wote wa hapa wametoka kwake. Nikiandika thelathini, wakubwa wangu watauliza wa thelathini na moja mlimtoa wapi. Nikiandika hajulikani, watasema mlimtunga. Huo ndio utakuwa mwisho wa maombi."

"Waseme."

"Bibi," alisema Lembris. "Chumba."

"Nimesikia, Lembris. Sijawa kiziwi."

Kauthar hakuzoea kimya. Kwa kawaida yeye ndiye aliyekuwa akikivunja, kwa gharama za wengine. "Kosa ni langu," alisema. "Niliona ile fomu. Niliona wote ni Pakine, nikacheka, nikawapanga kwa alfabeti, nikaituma. Mkiufunga ua, ni mimi."

"Najua," alisema Bibi.

"Unajua?"

"Uliacha nakala mezani. Nilivaa miwani nikaisoma yote, mistari thelathini na moja."

"Na hukuniambia?"

"Nilifurahi." Bibi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. "Nilisema, alhamdulillahi, imepita. Wote ni Pakine. Hakuna atakayenitaka niandike jina la mtu."

"La nani, Bibi?"

Bibi hakumjibu yeye. Alimwambia Felista, kama mtu anayetoa maelezo ya bidhaa. "Nilikuwa na binti mmoja. Tulipomzika, miezi miwili hakuna mwanamke aliyekanyaga dukani kwangu. Walikuwa wanashika vitenge kwa nje, na ncha za vidole, wanaondoka. Nikaapa jina la mwanangu halitakaa kwenye orodha yoyote ya wagonjwa. Nikawaomba hawa wasimtaje. Wamenistahi miaka kumi na minne. Huyu hapa nilimwambia mama yake alikuwa mgonjwa wa ndani tu, hakufika kwenye kikundi."

"Kikundi kilikuwa ni yeye," alisema Bernadina.

Mbuzi mmoja alikohoa. Bibi alitazama ua wake, kuta zake mbili za matofali na mbili za mabati, na watu kumi na tisa waliokuwa wanatazama kila kitu isipokuwa yeye. Hakuna aliyemhimiza, hata Felista, ambaye dereva wake alikuwa ameshapiga honi mara mbili.

"Andika," alisema. "Radhia Haji Mbwana."

Kauthar alichapa Radhia akakosea, akafuta, akakosea tena. Felista alisogea, akataka kumsaidia, kisha akaona afadhali amwache.

"Na jambo alilofanya kwa kikundi?" Felista aliuliza.

"Alikuwa mpole," alianza Bibi, kwa mazoea.

Bernadina, ambaye katika miaka yote ile hakuwahi kumkatiza Bibi Mwanamisi, alitoa mlio kama wa kifuniko cha sufuria. Alijaribu kuuzuia kwa mkono. Haukuzuilika. Sifa akadaka, akafuata mwanamke wa Ganako, na punde ua wote ulikuwa umekunjika kwa kicheko, watu wazima wenye wajukuu wanafuta machozi kwa shuka.

"Mpole, Bibi? Yule?"

"Aliziba mdomo kwa mtandio," alisema Bibi kwa ukali.

"Alikuwa anaziba kwa sababu yuko karibu kudanganya," alisema Sifa.

"Benchi," alisema Lembris, akihesabu kwa vidole. "Chai. Na mbuzi ishi..." Akamwona Felista. "Na mbuzi kwa ujumla."

"Mbuzi walifanya nini?"

"Wazima tu, mama."

"Mzee Lembris."

Lembris alisimulia. Alipofika kwenye mlango wa jikoni Felista aliweka kishikwambi chini, skrini ikiangalia meza. "Hiyo siandiki," alisema. Kisha akasema, "Lakini malizia."

Kauthar alikuwa ameacha kusikiliza. Pakine wa benchi, Pakine wa chai, Pakine wa mbuzi: watatu wale walikuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa wake. Kila Alhamisi tangu akiwa kwenye mkeka alikuwa amelelewa na mama yake bila kuambiwa. Alimkumbuka matroni na swali lake. Aliinuka, akasema anakwenda kuwaangalia mbuzi, ambao hawakuwa na shida yoyote, akakaa nao kwa muda mrefu kuliko afya yao ilivyohitaji.

Aliporudi, Felista alikuwa anaandika benchi na chai kwenye safu ya mwisho, na Bibi alikuwa anamrekebisha. "Si polisi mmoja. Walikuwa wawili. Wa pili hakuwa na kidonda, alimfuata mwenzake."

"Bibi ulijuaje?"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshikia kikapu."

Felista aliondoka saa tisa na majina thelathini na moja. Alisema majibu yatatoka baada ya wiki sita, ila yeye hana swali tena. Yalitoka baada ya saba, na yalikuwa mazuri. Tuliseme mapema ili asiwepo wa kubaki na wasiwasi.

Nalangu alitaka kuwahi gari la kupanda Ngorongoro kabla geti la hifadhi halijafungwa, na Kauthar akamsindikiza hadi barabarani. Magari ya watalii yalikuwa yanateremka kutoka kreta, mapaa wazi, wageni wakiwa wekundu kwa jua na vumbi. Nalangu alitembea bila haraka, mfuko wa dawa za majirani sita ukiwa chini ya shuka.

"Yeyo," alisema Kauthar, akimwita mama kwa Kimaa, "alikuwa hivyo siku zote? Wa kuchekesha?"

"Mama yako?" Nalangu alifikiri. "Mbele ya watu. Akimaliza kuwachekesha alikuwa anakuja kukaa nami kule kwa mbuzi. Ananyamaza. Wewe ulikuwa tumboni. Alikuwa anaogopa sana."

"Alikuwa anasemaje?"

"Nimekwambia alinyamaza. Mimi nilikuwa namwekea mwanambuzi mapajani. Akipata joto, anaondoka."

Gari lilisimama. Kauthar aliinamisha kichwa, na Nalangu akamgusa utosini kama anavyoguswa mtoto, akapanda. Msichana alibaki pale mpaka gari lilipopotea kwenye kona ya mashamba ya kahawa.

Aliporudi, duka lilikuwa wazi. Mzee Abdulwahabu, muuza vipuri wa upande wa pili wa barabara, alikuwa amekuja kununua kikoi, na kikoi kilikuwa kimesahauliwa kaunta. Bibi alikuwa anazungumza kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kusikika na wapita njia.

"...ndiyo huyo huyo. Mwanangu Radhia."

"Radhia ndiye aliyetunywesha?" alisema Mzee Abdulwahabu. "Miaka yote hii nilidhani ni yule Mmasai mrefu."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa meza ya mlangoni. Alipotangaza, nilitoka nje nikatia kidole kooni."

"Alikuona," alisema Bibi. "Alicheka siku mbili. Mimi nikamwambia nyamaza, yeye ndiyo anazidi."

Mzee Abdulwahabu alikuna ndevu, ambazo wakati wa chai ile zilikuwa nyeusi. "Allah amrehemu," alisema. "Jumatatu nilirudi nikaagiza kikombe kingine, kimyakimya. Chai kama ile sijaipata mpaka leo."

"Mbuzi wapo," alisema Bibi. Aligeuka, akamwona mjukuu wake mlangoni, akamtazama kwa muda kama mtu anayelinganisha kitambaa na kipande chake cha zamani. "Kauthar. Mchemshie mzee wetu chai ya maziwa."

Kauthar alikwenda jikoni kwa adabu. Alichemsha maziwa, akatia majani, akakatia tangawizi. Akamwekea Mzee Abdulwahabu sukari vijiko vitatu, na kimoja cha chumvi.